Madamu Mkia na siku tisa za sauti

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mlinzi amesimama mbele ya darasa, mkono wa kulia ameunyoosha, ameshika ndoo ya maji. Bado amevaa sare. Ametoka lindoni nusu saa iliyopita. Ndoo ni ya lita tano na imejazwa hadi nusu. Hakuna aliyemwambia ataishika mpaka lini.

Mwalimu hamtazami. Anaandika ubaoni, anauliza maswali, anasahihisha matamshi ya mhudumu wa vyumba vya hoteli aliyeketi benchi la mbele. Dakika mbili zinapita. Mkono wa mlinzi unaanza kutetemeka na maji yanamwagikia kiatu chake.

"Madamu, huyu tumemsahau," anasema mhudumu.

"Wewe umemkumbuka. Umemsaidia nini?" anajibu mwalimu, na kuendelea kuandika.

Darasa linacheka. Mlinzi naye anacheka, lakini ndoo haishushi. Dakika ya tano mwalimu anageuka, anamwendea, anamuuliza kwa Kiingereza anafanya nini. Mlinzi anajibu kwamba amebeba ndoo. Mwalimu anatikisa kichwa. Anamuuliza kama anaipenda. Hapana. Anamuuliza kama anaweza kuiweka chini. Mlinzi anafikiri. Hajui. Hakuna aliyemruhusu, hakuna aliyemkataza.

Ndipo mwalimu anaandika ubaoni maneno matatu: "put up with".

Anayatamka mara mbili. Sauti yake inakwaruza kama mlango wa bati unaoburutwa sakafuni. Wanafunzi wa benchi la nyuma wanainama mbele ili wamsikie. Alhamisi ya wiki ijayo, siku tisa kuanzia leo, madaktari wamepanga kumwondoa zoloto, yaani kile kisanduku cha sauti kilichomo kooni. Baada ya hapo atapumua kupitia tundu shingoni na hatazungumza tena.

Kwanza, hata hivyo, lazima atie sahihi fomu ya ridhaa. Mwisho ni Ijumaa. Leo ni Jumanne, na fomu iko kwenye mkoba wake wa vitabu, haijaandikwa kitu.

Ana umri wa miaka hamsini na mitatu. Kwa miaka ishirini na miwili amefundisha Kiingereza kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la fotokopi. Chumba kina mabenchi matatu, ubao uliopasuka kona moja na dirisha linalotazama ukuta. Wanafunzi wake ni watu wazima kumi na saba. Kuna walinzi, wahudumu wa hoteli, wauguzi wasaidizi na fundi friji mmoja. Kila mmoja hulipa kwa kipindi kiasi kinacholingana na bei ya mkate. Fedha hizo hulipia kodi ya vyumba viwili, chakula, na dawa za moyo za mama yake.

Wanafunzi humwita Madamu Mkia. Jina hilo amejitakia mwenyewe. Anachofundisha zaidi ni vile vitenzi vya Kiingereza vinavyofuatwa na kineno kimoja au viwili vidogo, na vineno hivyo hubadilisha kila kitu. Yeye huviita vitenzi vyenye mkia.

"Shuleni walifundishwa Kiingereza kirefu," anasema. "Kazini wanakutana na Kiingereza kifupi. Bosi hatamwambia mlinzi auzime moto kwa neno la kitabuni. Atamwambia 'put it out'. Mtu anajua 'put', anajua 'out', na bado amesimama anatazama moto."

Ana sheria moja: mwili kwanza, maneno baadaye. Hakuna ruhusa ya kutaja maana kwa Kiswahili kabla mtu hajasimama mbele na kulifanya jambo lenyewe. Kwa "put on", mwanafunzi huvaa koti. Kwa "put out", huzima mshumaa. Kwa "put away", hukusanya vikombe na kuvirudisha kabatini. Fundi friji aliwahi kuambiwa aoneshe "put off", yaani kuahirisha. Aliinuka, akatembea hadi mlangoni, akasema atafanya kesho. Alipigiwa makofi.

Neno la leo ndilo lililomsumbua kwa miaka mingi, kwa sababu halioneshwi kwa tendo. Mtu anayevumilia haonekani akifanya chochote. Ndoo ilikuja kichwani mwake akiwa kwenye foleni ya maji, miaka kumi iliyopita.

Mlinzi sasa ameruhusiwa kuiweka chini. Anasugua bega. Kisha anauliza jambo ambalo, kwa maelezo ya mwalimu, kila mshika ndoo huuliza.

"Madamu, kwa hiyo nimeshinda?"

"Umeshinda nini?"

"Si nimevumilia? Mvumilivu hula mbivu."

"Hiyo mbivu iko kwenye Kiswahili chetu," anasema mwalimu. "Kwenye neno hili haimo. Neno hili linasema umebeba. Halisemi utalipwa, halisemi utashukuriwa, halisemi itaisha lini."

Anawaeleza matumizi yake taratibu, akipumzika kila baada ya sentensi mbili. Neno hili halisemwi kwa jambo la mara moja. Mtu akikukanyaga mguu leo, umeumia tu. Akikukanyaga kila asubuhi na huna pa kuhamia, hapo neno limefika mahali pake. Hutumika kwa kelele, kwa maumivu, kwa bosi, kwa mpangaji wa juu anayeburuta viti alfajiri. Mara nyingi hutanguliwa na "lazima" au na "siwezi". Mikia yake ni miwili, na wa pili usisahaulike. Ukiukata, unabaki na "put up", ambalo pamoja na mambo mengine ni kumlaza mgeni nyumbani kwako.

"Kwa hiyo mgeni siku mbili ni 'put up'," anasema mhudumu wa vyumba. "Siku ya tatu ndiyo 'put up with'."

"Siku ya tatu mpe jembe," anadakia fundi friji.

Mwalimu anacheka bila sauti, mabega yanatikisika. Sasa anawaruhusu watafute Kiswahili chake. Mmoja anataja kupiga moyo konde. Mwalimu anakataa, anayepiga moyo konde ana tumaini mbele yake. Mwingine anataja kuchukuliana. Anakataa tena, kwa upole zaidi. Kuchukuliana ni kwa watu wawili, kila mmoja akimbeba mwenzake, na hapa anayebeba ni mmoja. Mwishoni wanakubaliana kuandika "kuvumilia", na pembeni yake, kwa agizo la mwalimu, maneno haya: bila ahadi.

Saa moja na robo darasa linatawanyika. Mlinzi anakwenda kulala, mhudumu anakwenda kutandika vitanda ishirini na viwili.

Mwalimu anabaki akifuta ubao kwa kitambaa chenye maji. Zamani alitumia kikavu. Ndiyo sababu, anasema, mwaka jana sauti ilipoanza kukauka aliilaumu chaki.

Aliyegundua kwanza ni mama yake. Mama ana miaka sabini na tisa na ni kipofu kwa mwaka wa kumi na sita sasa, kwa sababu ya presha ya macho. Alikuwa fundi wa kushona. Mpaka leo majirani humletea mashati na yeye huyarudishia vifungo kwa kupapasa. Wiki ile ile sauti ilipobadilika, alimwambia binti yake kwamba kuna mtu mwingine anazungumza ndani yake. Binti akamjibu kwa utani kwamba huyo mwingine naye alipe kodi.

Mwalimu alisukutua kwa maji ya chumvi. Alikunywa dawa za kifua za dukani. Alipunguza kuimba kanisani, kisha akaacha. Miezi saba ilipita kabla hajakwenda hospitali, na alikwenda kwa sababu siku hiyo alitema damu kwenye kitambaa cha ubao.

Daktari alimtazama kooni kwa kamera nyembamba. Wiki mbili baadaye majibu ya kipande cha nyama alichokatwa kooni yalitoka. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imeshavuka nyuzi za sauti.

"Aliniambia ningekwenda mwezi wa pili au wa tatu wangejaribu mionzi peke yake, na pengine sauti ingebaki," anasema. "Hakunigombeza. Aliniuliza tu nilikuwa nasubiri nini."

Alimjibu nini?

"Nilimwambia nilikuwa navumilia. Nikasikia jinsi lilivyotoka. Miaka ishirini na miwili nawafundisha watu neno hili halina ahadi, na mimi mwenyewe nilikuwa nangoja mbivu."

Daktari alimweleza njia zilizobaki. Akifanyiwa upasuaji, ana nafasi nzuri ya kuishi miaka mingi, bila sauti. Kipo kifaa cha kushika shingoni kinachotoa sauti ya mashine, lakini bei yake ni sawa na mapato ya darasa kwa miezi saba. Asipofanyiwa upasuaji, daktari alikisia mwaka mmoja, pengine pungufu. Sauti ingebaki kwa sehemu ya mwaka huo, ikizidi kufifia.

Kwa mtu mwingine jibu lingekuwa rahisi. Kwake si rahisi, kwa sababu ya mtu anayemngoja nyumbani.

Nyumba yao ina vyumba viwili vinavyofuatana. Cha mbele kina meza, jiko la gesi na kiti cha mama kilichowekwa dirishani kwa ajili ya joto la jua. Kikopo cha vifungo kiko mkono wa kushoto, mkasi mkono wa kulia. Havihamishwi. Kutoka kitini hadi kitandani ni hatua tisa, hadi jikoni ni nne.

Vitu vingine vyote mama huvijua kwa sauti ya binti yake. Binti humsomea maandishi kwenye pakiti za dawa. Humwambia kwamba kikombe kiko mbele yake, kwamba sakafu ina maji, kwamba aliyepita mlangoni ni jirani wala si mwizi. Jioni humsimulia darasa zima, mwanafunzi mmoja mmoja, akiwaiga wote. Mama hajawahi kukutana na fundi friji, lakini ana maoni makali juu yake.

"Nikiandika hawezi kusoma, nikimtazama hanioni," anasema mwalimu. "Nikinyamaza, kwake mimi sipo. Nimekuwa fenicha."

Kwa wiki sita aliificha habari hiyo. Alimwambia mama kwamba koo linatibiwa, jambo ambalo halikuwa uongo kamili. Usiku alikuwa akipiga hesabu ambayo anaisimulia huku akitazama mikono yake.

"Mama ana miaka sabini na tisa na moyo wake ni mgonjwa. Nikajiambia, labda mwaka mmoja ungetutosha sisi wote wawili. Yeye aondoke ananisikia, mimi nifuate. Nilikuwa nimeshakaribia kuichana ile fomu."

Wanafunzi, walipojua, walifanya walichoweza. Mlinzi alileta simu yake yenye nafasi kubwa na wakarekodi masomo arobaini, yote ya vitenzi vyenye mkia, kwa wiki tano. Katika rekodi za mwisho maneno husikika kwa shida. Mhudumu wa vyumba ndiye aliyesema kile ambacho wengine walikuwa wakikizunguka.

Mwalimu anakumbuka maneno yake yote. "Aliniambia, 'Madamu, samahani, mimi mtoto wako tu. Mama yako umemuuliza, au umemwamulia?'"

Alimuuliza Jumatano, siku moja baada ya somo la ndoo.

Simulizi ya jioni hiyo ina matoleo mawili, kwa sababu mama na binti hawakubaliani. Binti anasema alianza kwa kueleza kuhusu uvimbe. Mama anasema hapana, alianza kwa kulia, na kwamba yeye aliendelea kushona kifungo kwa sababu mtu anayelia hapendi kutazamwa.

"Unanitazama na nini?" anauliza binti.

"Unajua ninavyotazama," anajibu mama.

Wanachokubaliana ni hiki. Binti alimaliza kueleza: upasuaji, tundu la shingoni, ukimya, na ule mwaka mmoja kama angekataa. Kisha akasema na ile hesabu yake, kwa kuwa hakutaka kubaki na siri nyingine. Mama akaweka sindano chini.

"Umenipima kama kitambaa," alisema. "Nani kakwambia mimi nakufa mwakani?"

Mama akaendelea.

"Nilipopofuka uliniacha? Ulilia siku mbili, ya tatu ukaanza kunihesabia hatua. Sasa umeshalia tena. Tuhesabu."

Binti akataja rekodi. Alisema kuna masomo arobaini ndani ya simu, na kwamba angeweza kuongeza mengine ya nyumbani, maneno ya kila siku, ili mama awe anayasikiliza. Mama alikataa papo hapo.

"Simu inasema ilichosema jana. Mimi nataka mtu wa kubishana naye."

Kazi ilianza kabla ya chakula. Mama alidai mkono wa binti yake na kuupapasa kidole kwa kidole, kama anayekagua mshono. Ishara za kwanza alizitunga yeye. Kubonyeza kidole cha shahada cha mama ni ndiyo. Kidole cha mwisho ni hapana. Kusugua kiganja ni chakula. Kugonga mgongo wa mkono mara mbili ni natoka, mara tatu ni nimerudi. Dawa ni kucha ya dole gumba. Jirani ni mduara kwenye kifundo, kwa sababu, anasema mama, huyo jirani huzunguka sana kabla ya kusema alichokuja kuomba.

Kisha mama akatoa amri ambayo binti hakuitegemea. Kuanzia kesho yake, Alhamisi, kila siku saa sita mchana hadi saa kumi na mbili jioni, binti asizungumze kabisa.

Hilo lilileta ugomvi. Binti alikuwa na siku nane za sauti na alitaka kuzitumia zote. Alikuwa na mambo ya kusema. Alitaka kumsimulia mama mambo ya marehemu baba ambayo hajawahi kumwambia, na alitaka kumsomea barua za zamani. Mama alimwambia asubuhi ni ndefu, asome asubuhi.

"Nikikosea sasa, utanisahihisha kwa mdomo," alimwambia. "Nikikosea baadaye, nani atanisahihisha?"

Alhamisi mchana walijaribu kwa mara ya kwanza. Saa tatu za mwanzo zilikwenda vizuri. Walikula, mama akameza dawa, wakabishana kwa vidole juu ya dirisha kufunguliwa au kufungwa. Saa tisa na nusu binti akiwa chumba cha nyuma, mama alizihesabu zile hatua nne hadi jikoni kutafuta kikombe. Sufuria ilikuwa imetoka motoni dakika hiyo, nayo ilikuwa mahali pa kikombe.

Binti alimwona kupitia mlangoni. Alipiga ukelele. Sauti ilitoka nusu tu, ikachelewa, na mama akaungua vidole viwili vya mkono wa kushoto.

Sasa vimefungwa bandeji nyeupe. Hawezi kushona kwa wiki moja au mbili. Anasema si kitu. Mwalimu hasemi hivyo.

"Mkono unafika kwa mtu aliye karibu," anasema. "Sauti inafika chumba cha pili. Hilo hatuna cha kulitatua. Wiki ijayo hata ule ukelele wa nusu sitakuwa nao."

Filimbi haiwezekani, kwa kuwa pumzi haitapita tena mdomoni. Kengele lazima uwe umeishika. Waliishia kwenye makofi. Kofi moja maana yake ni simama hapo hapo ulipo. Mama alikubali, baada ya kulalamika kwamba atafukuzwa ndani ya nyumba yake kama kuku.

Darasani nako mpango upo, ingawa haujakamilika. Mwalimu ataandika ubaoni na kuonesha kwa mwili, kama alivyofanya siku zote. Mhudumu wa vyumba, ambaye matamshi yake ndiyo bora, atasoma kwa sauti. Ataanza tena mwezi wa tatu baada ya upasuaji, kidonda kikikubali. Aliwauliza wanafunzi kumi na saba nani atarudi. Kumi na mmoja walinyoosha mikono. Wengine sita walisema wataona, na yeye anajua maana ya kuona. Kwa wanafunzi kumi na mmoja, kodi italipwa na dawa zitanunuliwa, ila si katika mwezi uleule. Mwenye duka la fotokopi amesema chumba atakihifadhi kwa miezi minne. Zaidi ya hapo hawezi kuahidi.

Mlinzi ni miongoni mwa kumi na mmoja. Anasema anakuja kwa sababu bado hajaelewa ile ndoo.

"Nimeifikiria lindoni siku tatu," anasema. "Madamu alisema sijashinda kitu. Lakini pia hakuniambia nisiiweke chini. Ningeweza kuiweka wakati wowote. Hilo mbona hakulisema?"

Mwalimu, alipoulizwa, alisema hakuwahi kulifikiria kwa upande huo.

Ijumaa saa nne asubuhi yuko hospitali. Muuguzi anamwonesha mahali pa kutia sahihi, kurasa mbili, sahihi tatu. Anasoma kila mstari kwanza. Katika ukurasa wa pili anaona kosa la uandishi na kulionesha kwa kalamu. Muuguzi anatabasamu na kusema fomu hiyo imetumika miaka sita. Anatia sahihi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mkono wake umetulia. Anauliza kama mtu mmoja anaweza kukaa naye wodini mchana. Anaambiwa ndiyo, ndugu mmoja.

Anafika nyumbani saa sita na dakika kumi. Saa ya ukimya imeanza. Mama yuko dirishani, mikono yote miwili mapajani, bandeji juu.

Mwalimu anapiga magoti mbele ya kiti na kugonga mgongo wa mkono usio na bandeji mara tatu.

"Umerudi," anasema mama. "Umetia sahihi?"

Kidole cha shahada.

"Unaogopa?"

Anakawia. Kisha kidole cha shahada tena. Mama anakibana kidole kinachombonyeza na hakiachii.

Nje mtu anapita akiburuta mkokoteni. Kisha mama anatangaza mpango wake, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua. Alhamisi haendi kukaa kwa jirani, kama ilivyopangwa. Anakwenda wodini. Yeye ndiye ndugu mmoja.

Binti anabonyeza kidole cha mwisho. Anabonyeza tena, kwa nguvu zaidi.

"Nimekusikia mara ya kwanza," anasema mama. "Sasa nisikilize mimi. Utazinduka hujui useme nini. Wauguzi watakuuliza, halafu watakusubiri utafute kalamu na karatasi. Wenzako wa wodini watakuonea huruma na kukupigia kelele kama kiziwi. Mtu wa kuzungumza naye humo ndani ni mimi peke yangu. Nipe mkono tu."

Mwalimu anainamisha kichwa juu ya magoti ya mama yake. Mama anamwacha hivyo, kisha anaendelea na maandalizi. Anataka kujua kitanda kitakuwa upande gani wa mlango, kulia au kushoto, na ni hatua ngapi.

Mwalimu hajui. Hakuuliza. Anabonyeza kidole cha mwisho.

"Hapana nini? Hapana kulia, hapana kushoto, au hujui?"

Ishara zao ni kumi na nne, na ya "sijui" haimo. Bado ana sauti ya siku sita, na neno lenyewe ni fupi. Halisemi.

"Haya, tuitafute," anasema mama, na kufungua kiganja.